Goli tunalipima, habari ya mtu hatuipimi

Ndugu msomaji, pita asubuhi yoyote karibu na meza ya muuza magazeti, jirani na kituo cha daladala. Utakuta watu kumi au kumi na tano wamesimama, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Atakayenunua gazeti ni mmoja au wawili. Waliobaki huondoka na kichwa cha habari peke yake, na kabla ya adhuhuri kichwa hicho kimeshafika ofisini, sokoni, saluni na barazani, kimeshatiwa chumvi na ndimu.

Siku hizi hata mezani hatuhitaji kwenda. Simu ndiyo meza yetu. Mtu anaamka, hajanawa uso, ameshasoma kwamba fulani ameiba, fulani amefukuzwa, mahali fulani pamewaka moto, na jana usiku timu fulani imenyimwa penalti. Siku inaanza na siasa, inaendelea na mabaya ya watu, inamalizika na mpira. Hayo matatu ndiyo chakula cha mazungumzo yetu mjini.

Leo napenda tujiulize swali moja tu. Kwa nini katika mpira sisi ni mahakimu waangalifu, lakini katika habari za watu na za nchi yetu tunapokea kila tunacholetewa? Sikusudii kumsuta msomaji. Mimi nafundisha somo la Maarifa ya Uislamu, kila mwaka nawafundisha vijana Suratul Hujurat, na kosa nitakalolieleza hapa nililitenda mimi mwenyewe.

MAHAKAMA YA MPIRA

Nikiri mapema kwamba mimi ni mpenzi wa mpira. Timu yangu sitaitaja, nisije nikawagawa wasomaji. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo wazee wetu, baba zetu na sisi wenyewe tumerithishana ubishi. Lakini tazama jinsi ubishi huo ulivyo na adabu ya ushahidi. Julai 19, 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Hakuna shabiki wa Yanga anayethubutu kusema yale ya 1977 yalikuwa manne, wala hakuna wa Simba anayeweza kuyafuta yale ya 2023. Inauma, lakini kilichothibiti kimethibiti.

Na kisichothibiti tunakidai. Akija mtu barazani akasema timu yako jana imefungwa, humwachi. Utamuuliza nani kafunga, dakika ya ngapi, alikuwa ameotea au hakuotea, na yeye mwenyewe aliitazama mechi au kasimuliwa. Akisema kasimuliwa, heshima ya habari yake inashuka palepale.

Wakubwa wa mpira duniani nao walijifunza jambo hili kwa maumivu. Juni 27, 2010, katika Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, Uingereza ikiwa nyuma kwa 2-1 dhidi ya Ujerumani, Frank Lampard alipiga mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda ndani ya mstari, kisha ukatoka. Mamilioni waliokuwa mbele ya televisheni waliuona umeingia. Mwamuzi na msaidizi wake hawakuuona, na goli halikuhesabiwa. Mechi ikaisha 4-1. Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, chombo cha kutunga sheria za mpira kiliruhusu mitambo ya kutambua kama mpira umevuka mstari, na Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil likaitumia. Mwaka 2018 nchini Urusi zikaongezwa picha za video za kumsaidia mwamuzi.

Zingatia hapa. Hakuna aliyethibitisha kwamba yule mwamuzi wa 2010 alikuwa mwongo. Alikuwa mkweli asiyeona. Mpira ulikubali kwamba ukweli wa mtu hautoshi, lazima jambo litazamwe tena. Yote haya kwa ajili ya mpira uliojazwa upepo.

MAHAKAMA YA WATU

Sasa nieleze kosa langu. Katika mtaa ninaoishi kuna mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Watoto wa shule ya msingi huuvuka asubuhi na mchana. Kivuko cha mbao kilipooza, wakazi tulikubaliana tuchange shilingi elfu tano kila nyumba, tujenge kivuko cha zege. Fedha alikabidhiwa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyezoeleka kushika fedha za vikundi vya kufa na kuzikana bila ya hata senti kupotea. Kazi ilianza, mashimo yakachimbwa, kisha ikasimama kwa wiki tatu.

Jioni moja, nikiwa njiani kwenda kibanda umiza kutazama mechi, ujumbe ukaingia katika simu yangu kwamba mweka hazina amezila fedha za kivuko. Haukuwa na jina la mwandishi wa mwanzo, wala kiasi kilichopotea, wala tarehe. Nikausoma, nikaingia kutazama mpira.

Baada ya mechi tulikaa barazani kama kawaida. Kulikuwa na goli moja lenye utata wa kuotea. Tulilijadili kwa karibu saa nzima. Kijana mmoja akalitafuta katika simu yake, tukalitazama si chini ya mara kumi. Mwingine akachora mchangani kwa kijiti, hapa beki, hapa mshambuliaji, hapa mshika kibendera. Hatimaye muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe, na mimi, kwa sauti ya mtu anayejua, nikasema, "Na zile hela za kivuko nazo zimeshaliwa."

Hakuna aliyeniuliza nimesikia wapi. Hakuna aliyedai marudio. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Si nilisema? Wote ni wale wale." Tukaagana, kila mtu akaenda kulala.

Nyumba ya yule mama iko mwendo wa dakika saba kutoka barazani kwetu.

Siku nne baadaye, baada ya swala ya alasiri, alikuja nyumbani kwangu na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Akasema, "Mwalimu, nimeambiwa limetoka kwako. Wangesema wengine ningenyamaza, lakini wewe ndiye unayewafundisha wajukuu zangu. Soma."

Nikasoma. Mifuko ya saruji na bei yake. Nondo. Malipo ya fundi kwa siku. Risiti zimebandikwa kwa gundi, kila moja na tarehe yake. Baki ipo, shilingi kwa shilingi. Mwisho wa daftari kulikuwa na nakala ya barua yenye muhuri. Fundi alipochimba alikuta bomba la maji limepita palepale panapotakiwa nguzo, na kazi ilikuwa inasubiri bomba lihamishwe. Hilo ndilo lililosimamisha kazi. Kama ningetembea dakika saba na kuuliza, ningejua.

SAYYIDNA UMAR NA JIRANI YAKE

Usiku ule nilikumbuka hadithi ninayoifundisha darasani, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa anaishi pembezoni mwa Madina, naye na jirani yake Answari walipeana zamu. Leo huyu anateremka kwa Mtume (s.a.w.) na kurudi na habari, kesho mwenzake. Siku hizo Waislamu walikuwa na hofu kwamba watu wa Ghassan wanajiandaa kuwashambulia.

Usiku mmoja jirani yule alirudi akaugonga mlango kwa kishindo. Umar akatoka kwa hofu. Akaambiwa limetokea jambo kubwa. Akauliza kama Ghassan wamekuja. Jirani akajibu kwamba ni kubwa kuliko hilo, Mtume (s.a.w.) amewataliki wakeze.

Kulipokucha Umar aliteremka mjini. Alimkuta binti yake Hafsa analia. Alipomuuliza kama ameachwa, alisema hajui. Alikwenda msikitini, akakuta watu wamekaa karibu na mimbari, baadhi yao wanalia. Pengine mwingine angetosheka hapo, kwani jirani mwaminifu amesema, mhusika analia na msikiti mzima unalia. Umar hakutosheka. Aliomba idhini ya kuingia kwa Mtume, akanyamaziwa. Akarudi tena, na tena, mpaka akaruhusiwa. Na akiwa bado amesimama akamuuliza Mtume mwenyewe kama amewataliki wakeze. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba hakuwataliki. Alikuwa amejitenga nao kwa mwezi mmoja tu.

Ndugu zangu, jirani yule alikuwa Sahaba, hakuwa mzushi. Alichokiona kilikuwa kweli, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alikuwa amejitenga. Alichokihitimisha ndicho hakikuwa kweli. Nami niliona kweli kwamba kazi ya kivuko imesimama. Kwamba fedha zimeliwa hakuna aliyeliona, tulilihitimisha tu.

Katika mapokezi ya Imam Muslim, kisa hiki kimefungamanishwa na aya ya 83 ya Suratun Nisaa, ambayo inawalaumu wanaopata habari ya amani au ya hofu wakaitangaza palepale, badala ya kuipeleka kwa wenye uwezo wa kuichunguza. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tubainishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, tukabaki na majuto. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kusimulia kila unachokisikia kunatosha kukuhesabu mwongo. Hakusema mpaka uzue mwenyewe. Kupitisha tu kunatosha.

KWA NINI MABAYA YANATEMBEA HARAKA

Tusiwalaumu waandishi peke yao. Kazi ya habari ina maumbile yake. Daladala mia zikifika salama hakuna wa kuandika. Moja ikipinduka ni habari, na ni haki iandikwe. Kichwa cha habari huandikwa kwa nafasi ndogo na kwa lengo la kumsimamisha mpita njia. Mara nyingi anayekitunga si yule aliyekwenda kwenye tukio, bali ni mhariri aliyeko ofisini. Anayesoma kichwa akaacha habari amekunywa povu akaacha chai.

Katika simu mambo ni mepesi zaidi. Wenye WhatsApp wenyewe waliiona hatari. Mwaka 2019 waliweka kikomo kwamba ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Aprili 2020 wakabana tena, kwamba ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi upelekwe sehemu moja tu kwa wakati. Kama mwenye duka ameona haja ya kufunga nusu ya mlango, mnunuzi naye ajiangalie.

Mazuri hayana kishindo. Chukua mfano mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa inapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Hawa 104 bado ni mama zetu na dada zetu, na hakuna anayepaswa kuridhika. Lakini jiulize, barazani kwenu jambo hili limezungumzwa mara ngapi? Punguzo hilo halikuja kwa siku moja. Lililetwa na wakunga, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa na akina baba waliokubali kuwapeleka wake zao zahanati mapema, mmoja mmoja, bila ya kichwa cha habari.

Tatizo la kula mabaya peke yake ni kwamba mtu hufikia mahali akasema wote wezi, wote wale wale. Akishasema hivyo, hana tena sababu ya kwenda kwenye mkutano wa mtaa, wala kuhoji mapato na matumizi, wala kuchanga. Neno linaonekana la hasira, kumbe ni ruhusa aliyojipa ya kukaa. Na neno hilohilo ndilo lililomhukumu yule mama. Watu walikuwa wameshaamini kwamba kila anayeshika fedha anazila, kwa hiyo hawakuhitaji ushahidi. Imepokelewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimtahadharisha anayesema watu wote wameangamia kwamba yeye ndiye aliyeangamia zaidi kuliko wao.

CHAMA SI TIMU

Jambo jingine tulilolichukua mpirani na kulipeleka pasipo pake ni ushabiki. Nchi yetu ilirudi katika vyama vingi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995. Tangu hapo wengi wetu tumechagua chama kama tunavyochagua timu. Habari ikiwa mbaya kwa upande ule, tunaipokea bila swali. Ikiwa mbaya kwa upande wetu, tunadai ushahidi mpaka wa mwisho.

Mpirani hili halina madhara makubwa, kwa sababu mpinzani akifungwa mimi nimepata pointi tatu. Katika mambo ya mji hakuna goli la upande mmoja. Zahanati ikikosa dawa, mtoto wa chama hiki na wa chama kile wote wanalala na homa. Mfereji ukiziba, maji hayaulizi kadi.

Na hapa kuna aibu nyingine. Tunawajua wachezaji wa timu zetu kwa majina, nchi walizotoka, mikataba inaisha lini. Mwenyekiti wa mtaa aliyepatikana katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, wangapi tunamjua kwa jina? Wajumbe wa kamati yake je? Mkutano wa mtaa ukigongana na mechi, tunajua nani atashinda.

KUHAKIKI SI KUNYAMAZA

Asije mtu akadhani nawaambia Waislamu wafumbe macho. Kuhakiki ni kinyume cha kunyamaza. Anayehakiki ndiye anayeuliza jina, mahali, tarehe na kiasi, na habari ikithibiti ndiye anayeweza kusimama nayo mbele ya mkubwa yeyote. Mwizi hakuna anachokipenda kama tuhuma za jumla, kwa sababu anajificha ndani yake pamoja na wema.

Vilevile aya ile ya Suratun Nisaa ina upande wa pili. Kama raia ametakiwa ailete habari kwa wenye mamlaka, basi wenye mamlaka nao wawe tayari kuibainisha. Umar aliuliza, na mlango hatimaye ukafunguliwa, akajibiwa. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu walikaa siku kadhaa hawajui ndugu zao wako salama au la. Watu walikufa katika siku zile, na kila jina lilistahili kujulikana na kuelezwa. Mahali ambapo ukweli umefungiwa, uvumi ndio unaolisha watu. Kwa hiyo anayeficha anachokijua na anayetangaza asichokijua wanasaidiana kazi moja.

TUFANYE NINI

Nawausia, na kujiusia mimi kwanza, mambo manne.

La kwanza, tuidai habari ya mtu kama tunavyolidai goli. Nani kasema, aliona au alisimuliwa, lini, na mhusika mwenyewe anasemaje. Ikikosa majibu, iishie kwako.

La pili, tutenganishe tulichokiona na tulichokihitimisha. Sema, "Kazi imesimama, sijui kwa nini." Sentensi hiyo haimvunjii mtu heshima, na inamfanya mwenye jibu ajitokeze.

La tatu, dakika tisini tunazoipa timu ziwe na mwenzake. Kama wiki ina mechi moja, basi mwezi uwe na mkutano mmoja wa mtaa, wa shule au wa msikiti, tukae mpaka mapato na matumizi yasomwe.

La nne, tukikosea, tusahihishe palepale tulipokosea. Suratun Nur, baada ya kutaja adhabu ya wanaowasingizia wanawake wema, inawavua wale waliotubu kisha wakatengeneza. Kutubu moyoni hakukutosha, kutengeneza kumetajwa pamoja nako.

Nami nilijaribu kutengeneza. Nilimwomba yule mama msamaha, akanisamehe kwa ajili ya Allah. Usiku uliofuata nilisimama barazani mbele ya watu walewale nikasema kwamba nilisema uongo, na daftari nikalizungusha mkononi mwa kila mmoja. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imeshakwenda mbali kuliko ya pili, na wapo waliosikia ile mpaka leo hawajaisikia hii. Michango ilikuwa imekauka. Na yule mama alisema hatashika tena fedha za watu maishani mwake. Hakubadilisha kauli.

Masika yalikuja bila ya kivuko. Asubuhi nyingi nilisimama pale mferejini, suruali nimeikunja, nikiwavusha watoto mmoja mmoja juu ya mbao mbili zilizolowa. Baadhi yao ni wajukuu zake. Kivuko kilimalizika kiangazi kilichofuata, chini ya mweka hazina mwingine, na kwa bei ya saruji iliyokuwa imeshapanda.

Kila Ijumaa napita juu yake kwenda msikitini. Ni imara, na kipana cha kutosha watu wawili kupishana. Siku nyingine tunapishana mimi na yeye. Namwamkia, ananiitikia vizuri, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Wabillahi tawfiq.